Manukuu, mkalimani, maelezo ya sauti au nakala ya maandishi: video ya Kiswahili ianze na kipi?

Mtayarishaji wa video za Kiswahili anayetaka kazi yake iwafikie viziwi, wasioona na watu wengine wenye ulemavu huwa na njia nne mbele yake, na mfuko ambao kwa kawaida unatosha moja, pengine moja na nusu. Njia hizo ni manukuu, yaani maneno yanayoandikwa chini ya picha. Mkalimani wa lugha ya alama anayeonekana pembeni. Maelezo ya sauti, ambayo husema kile ambacho picha inaonyesha lakini hakuna aliyekitamka. Na nakala ya maandishi, ambayo ni video nzima iliyogeuzwa kuwa ukurasa wa kusoma. Mara nyingi njia hizi huzungumziwa kana kwamba ni huduma moja yenye viwango vinne, na kwamba anayefika kiwango cha juu amewahudumia wote. Sivyo. Kila njia humfikia mtu ambaye nyingine humwacha nje, kwa hiyo anayeuliza aanze na ipi anauliza pia ni nani atakayesubiri, na ni haki ya huyo anayesubirishwa kwamba uamuzi ufanywe kwa kujua.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vigezo vinne kwa kila njia. Cha kwanza ni anayefikiwa, pamoja na asiyefikiwa, maana hilo la pili ndilo husahaulika. Cha pili ni kazi na gharama: muda, ujuzi na watu wanaohitajika. Cha tatu ni usahihi, yaani kosa la kawaida katika njia hiyo linafananaje na linaweza kumdhuru mtazamaji kiasi gani. Cha nne ni hali halisi ya simu ya mtazamaji, kwa kuwa wengi wetu tunatazama kwenye kioo kidogo, kwa bando la kuhesabu, na video yenyewe pengine tumetumiwa kwenye kundi la WhatsApp bila hata kujua ilianzia wapi.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue video moja ya kufikirika. Muuguzi wa zahanati anaonyesha kwa dakika sita namna ya kutengeneza nyumbani maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Katika video hiyo muuguzi anasema "weka vijiko sita vya sukari", kisha anapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko ili kukisawazisha, lakini kisu hakitaji. Mwishoni anasema "mkiona hali hii, msikae nyumbani", na wakati huo picha inaonyesha mtoto ambaye macho yameingia ndani. Nimechagua mfano huu kwa sababu chumvi ikizidi mtoto anaweza kudhurika, na kwa sababu mambo mawili ya muhimu kabisa, kusawazisha kijiko na dalili ya hatari, hayakutamkwa na mtu.

Sheria na miongozo inasemaje

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na Kenya na Tanzania zote mbili zimeuridhia. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja lugha ya ishara, jina ambalo lugha ya alama inaitwa huko, kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na kabla yake sheria ya mwaka 2003 ilikuwa imevitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani au manukuu katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Mtayarishaji wa mtandaoni si kituo cha televisheni, lakini mwelekeo ni huo.

Kwa upande wa kiufundi, miongozo inayotajwa zaidi duniani ni WCAG, yaani ile ya kufanya tovuti ziwafikie watu wenye ulemavu, ya shirika la viwango vya mtandao la W3C, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Miongozo hiyo ina madaraja matatu. Manukuu ya video iliyorekodiwa yako katika daraja la kwanza kabisa, A. Maelezo ya sauti yanakuwa ya lazima katika daraja la AA, ingawa A inakuruhusu kuyabadilisha kwa maandishi kamili. Na lugha ya alama imewekwa AAA, daraja la juu ambalo wachache hulifikia. Hapa inabidi kutahadhari. Wapo wanaosoma mpangilio huu kana kwamba ni orodha ya umuhimu, wakahitimisha kwamba mkalimani ni pambo la wenye fedha. Madaraja yamezingatia pia urahisi wa kutekeleza katika tovuti za kila aina, na hayakupangwa kwa kuangalia ni viziwi wangapi wa Tabora au Kisumu wanaosoma Kiswahili kwa wepesi.

Manukuu

Anayefikiwa. Manukuu humfaa kiziwi aliye msomaji mzuri, mtu aliyepoteza usikivu ukubwani, mzee ambaye sikio limeanza kuwa zito, na mwenye usikivu hafifu ambaye husikia nusu na kukamilisha nusu kwa macho. Humfaa pia abiria wa daladala asiye na hedifoni, jambo ambalo ni zuri lakini lisigeuzwe kuwa sababu kuu. Yanamwacha nje asiyeona, kiziwi asiyeona, mtoto ambaye hajajua kusoma, na kiziwi mtu mzima ambaye lugha ya alama ndiyo lugha yake ya kwanza na ambaye Kiswahili cha kuandikwa kilimfikia kwa kuchelewa au hakikumfikia vizuri. Huyu wa mwisho huonekana kama amehudumiwa kwa sababu maneno yapo kwenye kioo, kumbe yanapita mbele yake kabla hajafika katikati ya sentensi.

Kazi na gharama. Kuna njia mbili za kupata manukuu, mashine au mtu. YouTube ilianza kutoa manukuu ya mashine mwaka 2009, kwa Kiingereza, na tangu Septemba 2022 programu ya Whisper ya kampuni ya OpenAI inaweza kugeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi bila malipo kwa mwenye kompyuta ya kuiendesha. Tatizo ni kwamba sauti za Kiswahili zilizotumika kuifunza ni chache mno zikilinganishwa na za Kiingereza. Mashine ikimsikia msomaji wa habari aliye ndani ya studio tulivu hufanya kazi ya kuridhisha; ikimsikia bibi wa Pemba, kijana wa Eastlands, Nairobi, anayechanganya Sheng na Kiingereza, au muuguzi wetu ambaye nyuma yake kuna watoto na jogoo, huanza kubuni. Msimamo wangu ni kwamba kwa Kiswahili mashine inakupa rasimu tu, na rasimu haichapishwi. Mtu anayekaa na rasimu hiyo kuisahihisha, akiwa hana uzoefu mkubwa, atatumia dakika tano hadi kumi kwa kila dakika moja ya maongezi. Programu ya Subtitle Edit inapatikana bure, na faili lenyewe la manukuu ni maandishi ya kawaida ambayo hata programu ndogo ya kuhariri maandishi kwenye kompyuta huyafungua:

14
00:01:22,400 --> 00:01:26,000
Weka vijiko sita vya sukari.

Namba ya mfululizo, saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha maneno. Hakuna siri nyingine. Kaida inayofuatwa na wengi ni mistari isiyozidi miwili, kila mmoja ukiwa na herufi zisizozidi 42 hivi. Kwa Kiswahili ni bora kuhesabu herufi kuliko maneno, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, na vipimo vya "maneno kwa dakika" vilivyotungwa kwa Kiingereza vitakufanya uharakishe kupita kiasi. Sauti zenye maana nazo huandikwa ndani ya mabano, kama vile [mtoto analia], maana hapo ndipo manukuu ya kiziwi yanapotofautiana na manukuu ya tafsiri tu.

Usahihi. Kosa la hatari zaidi katika manukuu ya Kiswahili ni silabi moja. Muuguzi anasema "usimpe soda", mashine inaandika "umpe soda", na sentensi inabaki na sarufi nzuri kabisa isiyomshtua msomaji yeyote. Mtu anayesikia angelisahihisha kwa sikio bila hata kutambua. Kiziwi hana cha kulinganishia. Kwa hiyo anayesahihisha aanze na vikanushi na namba, ndipo aje kwenye tahajia.

Kwenye simu. Manukuu yaliyo katika faili lake yanaweza kuwashwa, kuzimwa na kukuzwa, lakini hubaki pale video ilipopakiwa mara ya kwanza. Mtu akiipakua na kuirusha kwenye kundi, faili halifuatani nayo. Manukuu yaliyochomwa ndani ya picha husafiri popote, lakini hayawezi kukuzwa wala kusahihishwa, na yakiwekwa kwa rangi ya njano juu ya ukuta mweupe hayasomeki. Miongozo inataka ukinzani wa rangi wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya herufi na kilicho nyuma yake. Maneno meupe juu ya kibandiko cheusi yanatimiza hilo bila hesabu, na yanawasaidia sana watu wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu.

Mkalimani wa lugha ya alama

Anayefikiwa. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayomfikia kiziwi katika lugha anayoiota usiku. Humfikia mtoto kiziwi ambaye bado hajasoma, na mzazi kiziwi ambaye hakupata shule. Haimfikii aliyeziwika ukubwani, kwa kuwa huyo hakujifunza alama, na haimfikii asiyeona. Ieleweke pia kwamba Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha mbili. Video moja ya Kiswahili inaweza kueleweka Mtwara na Mombasa kwa maneno yale yale, lakini mkalimani wake hawezi kudhaniwa kuwa anaeleweka sehemu zote mbili kwa kiwango kimoja.

Kazi na gharama. Kwa pesa taslimu hii ndiyo njia ghali zaidi, na haina mkato. Anahitajika mkalimani aliyefunzwa, ambaye hupatikana kwa urahisi zaidi kupitia vyama vya viziwi wenyewe, kama CHAVITA kwa Tanzania na KNAD kwa Kenya. Anahitaji kupewa maandishi ya video siku chache kabla, ili asikutane na jina la dawa kwa mara ya kwanza mbele ya kamera. Na shughuli ya moja kwa moja inayozidi saa moja inahitaji wakalimani wawili wanaopokezana, kwa sababu akili na mikono huchoka na mkalimani aliyechoka huanza kuruka mambo. Avae nguo ya rangi moja inayokinzana na rangi ya ngozi yake ili vidole vionekane, apigwe picha kuanzia juu ya kichwa hadi kiunoni, na taa isitupe kivuli usoni, kwa kuwa uso ni sehemu ya sarufi ya lugha hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wapiga picha wazoefu nao hulikosa. Muuguzi anapopima sukari huku mkalimani anatafsiri, kiziwi ana macho mawili tu na yote yanatazama upande mmoja. Akimfuata mkalimani, anakosa kijiko. Akitazama kijiko, anakosa maelezo. Dawa yake ni kurekodi kwa vituo: muuguzi aseme, anyamaze, kisha afanye. Video itarefuka kwa dakika moja au mbili, na kwa uzoefu wa watazamaji wote, wanaosikia na wasiosikia, itakuwa video bora ya mafunzo.

Usahihi. Hapa mwenye video yuko gizani, kwa sababu mtu asiyejua lugha ya alama hawezi kutambua mkalimani mbovu. Desemba 2013, katika ibada ya kumbukumbu ya Nelson Mandela mjini Johannesburg, dunia ilimwona mtu akitafsiri karibu na marais kwa ishara ambazo viziwi waliokuwa wakitazama walitambua mara moja kuwa hazina maana. Uwanja mzima haukuwa na habari. Kinga ni rahisi na haigharimu sana: kabla ya kuchapisha, kiziwi mmoja ambaye hakuhusika na utengenezaji aitazame video bila sauti, kisha aeleze alichoelewa. Akisema chumvi ni nusu kijiko na vijiko vilisawazishwa, kazi imekamilika.

Kwenye simu. Mkalimani yumo ndani ya picha, kwa hiyo husafiri na video kokote. Tatizo ni ukubwa. Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, hutaka mkalimani asipungue sehemu moja ya sita ya picha, na kipimo hicho kilifikiriwa kwa televisheni ya sebuleni. Kwenye simu ni vizuri kwenda juu yake, hata kugawa picha nusu kwa nusu video ikiwa ya mtu anayeongea tu. Bando nalo lina la kusema: mtandao ukishuka na video ikateremka hadi ubora wa 144p, sauti ya muuguzi bado itasikika vizuri, lakini vidole vya mkalimani vitakuwa ukungu. Kiziwi analazimika kununua ubora wa picha ambao msikiaji anaweza kuukosa bila hasara.

Maelezo ya sauti

Anayefikiwa. Wasioona na wenye uoni hafifu. Katika mfano wetu, mtu asiyeona ambaye ana mtoto mgonjwa atasikia kila neno la muuguzi na bado atakosa kisu kinachosawazisha kijiko, na "hali hii" kwake haitakuwa hali yoyote. Viziwi hawapati chochote katika njia hii.

Kazi na gharama. Utaratibu wa kawaida ni kusubiri video ikamilike, kuandika sentensi fupi zinazoingia katika mapengo ya ukimya, kuzirekodi na kuzichanganya na sauti ya awali. Kwa video yetu zingekuwa sentensi za namna hii: "Anapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko; sukari iliyozidi inaanguka." Na baadaye: "Macho ya mtoto yameingia ndani." Kanga ya muuguzi na rangi ya ukuta hazitajwi, kwa kuwa hazimsaidii mtu kutengeneza maji. Pale ambapo hakuna pengo la kutosha, picha husimamishwa kidogo ili maelezo yapite. Kwa tamthilia ya dakika arobaini kazi hii ni kubwa na inahitaji mwandishi mwenye jicho.

Lakini kwa video za mafunzo ipo njia ambayo karibu haina gharama, nayo ni kumwambia mzungumzaji ataje anachokifanya wakati anakifanya. "Weka vijiko sita vya sukari, kila kijiko kipitishe kisu juu yake ili kiwe sawasawa, kisifanye mlima." "Mkiona macho ya mtoto yameingia ndani, au ukiifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, msikae nyumbani." Muuguzi akizoea kusema hivyo, maelezo ya sauti yanakuwa yameshatolewa na yeye mwenyewe, na miongozo inakubali kwamba video ambayo sauti yake imeshataja kila jambo la picha haihitaji maelezo ya ziada. Ninashangaa kuwa hatua hii, ambayo inahitaji mazungumzo ya dakika tano tu kabla ya kurekodi, ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote. Maneno ya kuchunga ni "hivi", "hapa", "kiasi hiki" na "kama mnavyoona". Kila mojawapo ni mlango unaofungwa mbele ya asiyeona.

Usahihi. Kosa la kawaida ni kueleza kupita kiasi au kufasiri badala ya kueleza. Msimulizi anasema "muuguzi ana wasiwasi" wakati kinachoonekana ni kwamba amekunja uso. Msikilizaji aachiwe nafasi ya kuhukumu mwenyewe, kama anavyoachiwa anayeona.

Kwenye simu. Hii ndiyo njia nyepesi zaidi kwa bando baada ya maandishi, kwa sababu toleo lenye maelezo ya sauti linaweza kutolewa kama faili la sauti peke yake, likasikilizwa kwenye kundi au hata kuchezwa redioni. Kwa upande wa video, jambo rahisi ni kupakia toleo la pili na kuandika kwenye kichwa chake "yenye maelezo ya sauti", maana asiyeona hatalikuta kwa bahati.

Nakala ya maandishi

Anayefikiwa. Nakala ndiyo njia pekee inayomfikia kiziwi asiyeona, ambaye husoma kwa vidole kwenye kifaa cha nukta nundu kilichounganishwa na simu au kompyuta. Inamfaa pia mtu anayesoma taratibu na anayetaka kurudia, na yule ambaye video haitafunguka kabisa alipo. Haimfai ambaye kusoma kwenyewe ndiko kikwazo, na hapo iko sawa na manukuu.

Kazi na gharama. Anayekwisha kuwa na manukuu yaliyosahihishwa ana sehemu kubwa ya nakala: aondoe saa, aunganishe sentensi katika aya, ataje nani anasema, na aongeze yale yaliyoonekana bila kutamkwa. Hilo la mwisho ndilo linalotofautisha nakala kamili na rundo la maneno. Nakala ya video yetu isiyotaja kisu ina kasoro ile ile ya video.

Usahihi. Ni rahisi kusahihisha kuliko zote, kwa kuwa kosa likigundulika hurekebishwa kwa dakika moja bila kurekodi upya.

Kwenye simu. Kurasa mbili za maandishi hazili bando la kuhesabika. Programu zinazomsomea asiyeona maandishi ya skrini kwa sauti nazo zipo: NVDA, programu ya bure ya kompyuta za Windows, huja na sauti ya eSpeak NG ambayo inasoma Kiswahili, kwa lafudhi ya kimashine lakini yenye kueleweka. Sharti ni kwamba maandishi yawe maandishi. Picha iliyopigwa ya karatasi, au PDF iliyotokana na skana, haisomeki kwa uhakika na programu hizo, na bado ndiyo inayotumwa kwenye makundi ya shule na ofisi kila siku.

Kwa hali yako

Anayetoa maelezo ya afya au ya dharura kwa umma afikirie kwanza mkalimani pamoja na manukuu yaliyosahihishwa na mtu, kwa kuwa hapa kiziwi asiyesoma ndiye aliye hatarini zaidi, na amzoeshe mzungumzaji kutaja vitu, kwa kuwa hilo halina bei. Fedha zikitosha njia moja tu, ajiulize video inaenda kwa nani: ikiwa inaenda kwa jamii ambayo viziwi wake wanajulikana, awaulize wao.

Mwenye video za mapishi, ushonaji, ufundi simu au kilimo ana shida kubwa zaidi kwa upande wa wasioona, kwa sababu maarifa yake yote yako mikononi na mikono haisemi. Aanze na kutaja kila hatua na kila kipimo, kisha manukuu. Kwake mkalimani anafaa zaidi pale anaporekodi kwa vituo kama ilivyoelezwa hapo juu; la sivyo atakuwa amegharimia kitu kinachogombana na picha yake mwenyewe.

Kwa mahubiri, mawaidha, mihadhara na mahojiano, ambapo picha ni mtu aliyeketi akiongea, maelezo ya sauti yana kazi ndogo sana. Sentensi moja ya kutambulisha waliopo inatosha. Manukuu na nakala ndivyo vyenye faida, na nakala ina ziada ya kupatikana na anayetafuta maneno mtandaoni. Iwapo msikiti au kanisa lina waumini viziwi, hapo mkalimani ana nafasi yake, kwa kuwa hao wako pale kila wiki na wanajulikana kwa majina.

Mtengenezaji wa tamthilia na vichekesho hawezi kuikwepa kazi ya maelezo ya sauti, maana kichekesho chenyewe mara nyingi ni sura ya mtu aliyenyamaza. Manukuu yake nayo yataje milio, milango na muziki, na yawe mwaminifu kwa Sheng au lafudhi ya mhusika badala ya kuisafisha.

Anayetangaza moja kwa moja, kama vile mkutano wa kata au mahafali, asitegemee manukuu ya mashine kwa Kiswahili. Mkalimani aliyeandaliwa ndiye anayeweza kutegemewa wakati ule ule. Manukuu yasahihishwe baadaye, kwenye rekodi.

Anayesambaza hasa kwa WhatsApp au TikTok achome manukuu ndani ya picha, na aandike nakala fupi katika ujumbe unaofuatana na video, kwa maandishi ya kawaida.

Mwenye hazina kubwa ya video za zamani yuko katika hali tofauti na wote. Machi 2017 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliondoa kwenye macho ya umma zaidi ya rekodi 20,000 za video na sauti, baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kukiambia mwaka uliotangulia kwamba sehemu ya maudhui yake haikuwafikia watu wenye ulemavu. Wakati huo viziwi waliolalamika hawakupata manukuu, na umma nao ukapoteza masomo. Mwenye hazina kama hiyo aweke kwanza utaratibu wa video mpya, ili tatizo lisiongezeke. Kisha achukue zile zinazotazamwa zaidi, azianzie manukuu na nakala. Na kwenye zilizobaki aandike wazi anwani ambayo mtu anaweza kuitumia kuomba video fulani ishughulikiwe, pamoja na muda atakaousubiri.